Ipime Modi ya Vita kwa Udhaifu wa Silaha Zake

Silaha halisi ina nguvu zake na ina mipaka yake, na modi bora ya gemu ya vita ni ile inayoheshimu mipaka hiyo. Hiki ndicho kipimo changu kila ninapofungua kazi mpya ya mashabiki waliochukua gemu iliyopo wakabadilisha bunduki, magari na sheria zake. Picha za kuvutia siku hizi zimejaa. Adimu ni fundi anayekubali silaha aliyoitengeneza kwa miezi ishindwe pale ambapo ile ya chuma hushindwa.

Kigezo changu ni Project Reality, modi ya Battlefield 2 iliyoanza mwaka 2005, mwaka uleule gemu yenyewe ilipotoka. Tangu 2015 inachezwa bila kuhitaji gemu mama, na baadhi ya waliopitia kazi hiyo ndio walioitengeneza gemu ya Squad. Kwa viwango vya leo picha zake zimezeeka, lakini bado inafundisha mengi.

Anza na bunduki

Kabla ya kuingia kwenye seva, nenda uwanja wa mazoezi uchukue AKM. Usifyatue kwanza, itazame ubavu wa kulia. Kwenye bunduki iliyotumika sana, wenzo wa usalama hukwaruza chuma kwa kupandishwa na kushushwa, ukaacha alama ya upinde. Aliyeiweka alama hiyo aliichunguza bunduki yenyewe. Aliyetapanya mikwaruzo kila mahali alitaka tu ionekane kuukuu.

Sasa shusha wenzo. Kituo cha kwanza baada ya usalama ni cha kumimina risasi mfululizo, na cha chini kabisa ni cha risasi mojamoja. Kwenye M16 mpangilio ni kinyume: mojamoja ndiyo hutangulia. Modi inayozifanya bunduki zote mbili zifanane hapa imekosa umakini mapema mno.

Kisha maliza magazini ya risasi 30. Bolti ya AKM hurudi mbele kama kawaida, na mpigaji hujua risasi zimekwisha pale tu anapovuta triga na kusikia mlio mkavu. Bolti ya M16 hubaki nyuma, wazi. Kwa hiyo mwenye AKM lazima abadili magazini na kukoki upya, ilhali mwenye M16 hubonyeza kitufe cha upande wa kushoto akaendelea. Magazini ya AKM hunaswa mbele kwanza ndipo ikavutwa nyuma hadi ijifunge. Ya M16 husukumwa juu moja kwa moja. Ukibadili magazini huku risasi ingali chemba, halafu ukaona mkono unakoki, ujue fundi alinakili mwendo bila kuelewa kazi yake, maana risasi ile ingerushwa nje bure.

Sikiliza ukiwa mbali

Mwambie mwenzako apige risasi pembeni yako akiwa mita 300. Risasi ya AKM hutoka mtutuni kwa takriban mita 715 kwa sekunde, na sauti husafiri kama mita 340. Kwa hiyo unapaswa kusikia kwanza mchapo mkali kama wa mjeledi risasi inapokupita, na baadaye ndipo ufike mshindo wa bunduki. Mchapo peke yake haukuambii adui yuko wapi. Mshindo ndio unaokuonyesha upande. Modi inayotoa sauti zote mbili kwa pamoja imemnyang'anya mchezaji stadi ya kusikiliza.

RPG-7 nayo ina tabia yake. Injini ya roketi ikiwa inawaka, upepo wa ubavuni husukuma mapezi ya nyuma, na roketi hugeukia kule upepo unakotoka. Asiyejua hilo atafidia upande usio sahihi. Isipogonga kitu, hujilipua yenyewe baada ya kama mita 920. Moto unaotoka nyuma ya bomba nao lazima umdhuru anayesimama pale. Modi yenye RPG inayokwenda mstari ulionyooka hadi upeo wa macho imebakiza jina tu.

Panda kifaru

Hapa ndipo modi nyingi huanguka. T-72 hubeba watu watatu, kwa sababu mtambo wenye makombora 22 ndio unaoupakia mzinga wake wa milimita 125. Kila unapopakia, mtutu huinuka hadi pembe maalumu, kisha hurudi kwenye shabaha. M1 Abrams ina watu wanne, na mmoja wao hupakia kwa mikono. Injini yake ni ya tabo yenye nguvu farasi 1,500, hivyo inapaswa kuvuma kwa sauti nyembamba, isingurume kama lori la dizeli.

Halafu tia rivasi. T-72 hurudi nyuma kwa kama kilomita 4 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea. Tarakimu hiyo moja hubadilisha vita vizima: kamanda wa T-72 lazima afikirie njia ya kutokea kabla hajajitokeza mlimani. Ukiikuta T-72 inayokimbia kinyumenyume, usiendelee kuikagua.

Tazama pia linapoingia kombora. Abrams huhifadhi sehemu kubwa ya makombora yake nyuma ya mlango wa chuma, kwenye chumba chenye paa linalofunguka ili mlipuko utokee juu. T-72 huyaweka chini ya miguu ya wahudumu. Fundi mzuri hawezi kuvipa vifaru hivi viwili kifo cha aina moja.

Hesabu watu

Katika Battlefield 2 mchezaji mmoja aliweza kuendesha kifaru na kufyatua mzinga peke yake. Project Reality ilizitenganisha kazi hizo, ikaondoa pia alama ya kulengea iliyokuwa katikati ya skrini. Dereva haoni anachokiona mpiga mzinga, lazima waongee. Ramani yake ya Muttrah City, yenye jina la Matrah, mji wa bandari wa Omani, inaonyesha faida ya kushirikiana: gari la deraya likiingia mitaani bila askari wa miguu, limejiweka mikononi mwa yeyote aliye juu ya paa.

Jihadhari basi na modi inayojisifu kwa wingi wa bunduki, na ile inayosawazisha majeshi ili asilalamike mtu. Chagua yenye bunduki sita zilizotengenezwa kwa ukweli kuliko yenye sitini zinazotofautiana rangi na mlio. Nawe unayetengeneza, acha silaha yako iwe na udhaifu wake. Mchezaji makini atakushukuru kwa hilo.