Moto Usioenea: Uhakiki wa Minecraft kwa Mwanafunzi wa Juba

Minecraft si burudani tu. Mwaka 2012 UN-Habitat, yenye makao makuu Nairobi, ilianza kuutumia mchezo huu kupanga maeneo ya umma. Hata hivyo, moto wake una kasoro ya kimaana. Moto wa kawaida mchezoni huenea kwenye mbao na sufu. “Moto wa kambi”, ulioongezwa 2019, huchoma nyama na kutoa moshi, lakini hauunguzi ukuta wa mbao ulio kando yake. Juba, penye nyumba za nyasi na majiko ya makaa, cheche hazibagui. Aidha, “kambi” huko hukumbusha wakimbizi wa ndani wa Desemba 2013. Istilahi “moto wa mafiga” inafaa zaidi: mafiga hudokeza moto uliodhibitiwa na mtu, si moto usiodhuru.