Nukta ya Mpwa Wangu: Uhakiki wa Programu za Kulinganisha Vigezo vya Majaribio ya Dawa

Mwezi ambao mpwa wangu alilazwa kwa malaria huko Buraza, nilikuwa na kazi ya darasani: kuchagua kitu kisichokuwa kitabu na kukihakiki kama tunavyohakiki riwaya, yaani kuuliza kinasema nini na kinanyamaza wapi. Nilichagua programu zinazochora vigezo vya kushiriki katika majaribio ya dawa.

Kila jaribio la dawa au chanjo lina orodha ya wanaokubaliwa na wanaokataliwa: umri, jinsia, mimba, vipimo vya damu, magonjwa mengine. Nyingi huandikishwa katika ClinicalTrials.gov, hifadhi ya Marekani iliyofunguliwa mwaka 2000. Umri na jinsia vina visanduku vyake. Karibu mengine yote ni maandishi ya Kiingereza, kila mtafiti akiandika kwa namna yake. Kulinganisha majaribio mia moja kwa macho kunachosha. Ndiyo maana mwaka 2015 Zhe He, Chunhua Weng na wenzao walieleza programu yao, VITTA. Msomaji anachagua ugonjwa na kigezo, nayo inamchorea ni majaribio mangapi yanayokubali kila thamani ya kigezo hicho.

Wazo hili nalisifu bila kusita. Mzee wa miaka 80 akikataliwa na jaribio moja, tutasema ni bahati yake mbaya. Akikataliwa na mengi, mchoro unaporomoka pale penye umri wake na kila mtu anaona. Orodha ndefu ya maneno huficha mazoea hayo vizuri sana.

Nilijaribu mtindo huo kwa mkono, kwenye karatasi ya miraba, kwa chanjo mbili za malaria. Mstari wa kwanza ulikuwa wa RTS,S. Jaribio lake la awamu ya tatu, kati ya 2009 na 2014, liliandikisha watoto 15,459 katika nchi saba: kundi moja la wiki 6 hadi 12, jingine la miezi 5 hadi 17. Mstari wa pili ulikuwa wa R21: watoto wapatao 4,800 katika nchi nne, wa miezi 5 hadi 36. Kisha nikaweka nukta ya mpwa wangu, miezi kumi. (Najua hakuwa amezaliwa wakati wa RTS,S, nukta haiulizi hayo.) Iliangukia ndani ya mistari yote miwili.

Dada yangu aliiona karatasi hiyo pale kando ya kitanda, akaweka kidole juu ya nukta, akauliza kama maana yake mtoto alikuwa ameshapata chanjo. Nikamwambia hapana. Akauliza, sasa yumo wapi?

Swali lake ndilo uhakiki wangu. Majaribio hayo yalifanyika Bagamoyo, Korogwe, Kilifi na kwingineko. Burundi haikuwamo katika lolote. Kwa mchoro mtoto wa Buraza anastahili, lakini kwa kweli hakuna mlango ambao angeingilia. Kigezo kilichomwacha nje hakina mstari, kwa sababu mahali hakuchorwi kama umri. Nasi wa milimani tuna habari zetu: mlipuko wa malaria wa mwaka 2000 na 2001 katika Kayanza, Ngozi na Karuzi uliwakuta watu ambao miili yao haikuuzoea ugonjwa huo kama ya watu wa mabondeni.

Mwenzangu mmoja darasani alipinga kwamba hilo ni suala la fedha na vituo, si la vigezo. Huenda. Lakini anayesoma mchoro hataitenganisha sababu ya nje na ya ndani. Ataona nukta iko ndani, basi.

Kuna ukimya mwingine, nao ni wa sababu. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, chanjo ya rVSV-ZEBOV, ikiwa bado haijapata kibali cha kawaida, mwanzoni haikutolewa kwa wajawazito. Wakati huohuo jaribio la PALM, lililolinganisha dawa nne za kutibu Ebola katika vituo kama Beni na Butembo, liliwapokea wajawazito. Ukichora utapata kisanduku kimoja cheusi na kimoja cheupe, na msomaji atadhani watafiti wa kwanza walikuwa wakatili kuliko wa pili. Kumbe chanjo ina kirusi hai, ikahofiwa kwa mtoto aliye tumboni, ilhali mjamzito aliyekwisha kuugua alikuwa hatarini kufa yeye na mimba yake. Hata hivyo hofu hiyo haikuwa ya milele: mwaka 2019 mpango wa chanjo ulibadilishwa, wajawazito wakaanza kukubaliwa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Kisanduku cheusi kingeweza kubadilishwa mapema zaidi kama wengi wangeuliza kwa nini ni cheusi.

Kwa hiyo kwenye karatasi yangu niliongeza safu mbili kwa kalamu nyekundu, moja ya mahali na moja ya sababu. Programu inaweza kufanya hivyo kwa urahisi kuliko mkono wangu: bonyeza kisanduku, isome sababu; bonyeza mstari, ione ramani. Nilimwonyesha dada ramani. Aliitafuta Burundi kwanza.