Uhakiki wa Mpango wa MEWAKA katika Mazingira ya Hedaru, Wilaya ya Same
Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), yanayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, humwezesha mwalimu kujifunza shuleni kwake kupitia jumuiya ya ujifunzaji, bila kungoja semina ya mbali. Huo ni ubora wake. Hata hivyo, mpango huo unachukulia kwamba kila mwalimu ana mwenzake wa somo. Hedaru, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Arusha, dhana hiyo yaweza kusimama. Katika shule ndogo ya msingi milimani Upare, mshauri pekee aweza kuwa mwalimu mkuu, ambaye ndiye pia humtathmini. Na ni vigumu mtu kufichua udhaifu wake mbele ya anayempima. Kwa hiyo, mikutano ya klasta, pamoja na nauli ya kuifikia, ni kiini cha mpango, si nyongeza.