Tangi la Kale

Mjukuu wangu hutunza kompyuta za kumbukumbu za wagonjwa katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Likizo iliyopita alikuja hapa Ganako, akaketi barazani ukungu ukiwa bado haujaondoka juu ya mashamba ya kahawa, akaniambia: "Babu, wewe umesahihisha insha miaka mingi. Nitakutafsiria maelezo haya, uniambie kama mwandishi amefaulu." Nikavaa miwani.

Programu yenyewe ni OpenMRS. Ilianza kubuniwa mwaka 2004 kwa ajili ya kliniki za UKIMWI za magharibi mwa Kenya, ikaanza kazi Eldoret mwaka 2006, kisha ikasambaa nchi nyingi. Imeandikwa kwa lugha ya Java. Kwa sisi tusio mafundi, msomaji, ifikirie kama stoo yenye madirisha mengi. Programu ndogo huja dirishani, huomba kitu kwa jina lake, nazo hupewa. Kila dirisha lina maelezo: uombe nini, utapewa nini. Madirisha mengine yamezeeka. Hayawezi kuzibwa ghafla, maana wapo wanaoyategemea. Basi huwekewa alama kwamba yasitumike tena.

Hapo ndipo kalamu yangu nyekundu ilipoanza kazi. Rekodi ya mgonjwa hapo zamani ilikuwa na nafasi ya kabila. Baadaye iliondolewa kwenye kiini cha programu, ikawekwa kando katika kiambatisho cha hiari. Kwa Mtanzania wa rika langu, tuliofundishwa kutoulizana kabila, hilo ni mazungumzo ya siku nzima. Lakini maelezo ya dirisha lile yalisema tu kwamba kabila litahamishiwa kwenye sifa nyingine za mgonjwa. Kwa nini? Kimya. Ni aibu, ni usalama wa wagonjwa, au ni unadhifu wa fundi tu? Hizo ni sababu tatu, na kila moja inamtaka anayekuja baadaye afanye jambo tofauti.

Java yenyewe nimeipa alama za juu kidogo. Dirisha lake moja la tarehe, ukiliuliza mwaka, hutoa 1900 kwanza. Mwaka 2024 hujibu 124! Liliwekewa alama ya kutotumika katika toleo la 1.1, mwaka 1997. Mpaka leo lipo, na maelezo yake yanataja waziwazi hesabu hiyo ya ajabu na pa kwenda badala yake. Huyo ni mwandishi anayemheshimu msomaji aliyechelewa. Hata hivyo, toleo la 9 la mwaka 2017 liliongeza nafasi mbili katika alama hiyo, yaani tangu toleo lipi na kama dirisha litaondolewa. Nafasi ya sababu haikuwekwa. Imeachwa kwa hiari ya mwandishi, na mwalimu yeyote anajua kazi ya hiari hukusanywa na wangapi.

"Mafundi hawana muda, Babu," mjukuu alijibu. "Na wenyewe wanajua sababu."

Nilinyamaza, kwa kuwa alikuwa amegusa kidonda changu.

Nilipohamishwa kutoka shule yangu ya kwanza nikiwa mwalimu mkuu, niliandika katika daftari la makabidhiano: "Tangi la kale lisitumike." Maneno manne. Sababu niliijua: kabla yangu yalihifadhiwa humo madebe ya dawa ya josho la ng'ombe, na moja lilivuja. Sikuiandika. Kijiji kizima kilijua, na lori lilikuwa linanisubiri. Waliojua wakahama, wengine wakafa. Mwaka wa ukame, mwenzangu aliyenifuata wa pili aliliona tangi zima, imara, akadhani ni ufa uliokwisha zibwa. Akalijaza maji. Watoto kumi na mmoja walilazwa. Wote walipona, namshukuru Mungu. Hakuna aliyenilaumu hata siku moja, kwa sababu onyo lilikuwepo, tena kwa mwandiko mzuri.

Mjukuu hakusema kitu kwa muda. Kisha alitafuta dirisha moja alilokuwa ameliwekea alama yeye mwenyewe wiki ile, akaanza kuandika chini yake. Nilimwita chai mara mbili.