Hongera, Mtu wa Kumi

Myahudi aweza kusali peke yake, lakini kadishi, sala ya wafiwa, haisomwi mpaka watimie watu kumi: minyani. Kwa Waorthodoksi ni wanaume waliofikisha miaka 13. Madhehebu mengine huhesabu na wanawake. Cheo hakisaidii. Marabi tisa hawatoshi, mafundi viatu kumi wanatosha.

Kuhesabu watu kwa namba hawapendi, kwa hiyo mmoja hutamka aya ya Zaburi 28 yenye maneno kumi, neno kwa kila kichwa. Likibaki neno, husubiri.

Aliyefiwa na mzazi husoma kadishi kila siku kwa miezi 11. Kumbe kuna wanaodamka alfajiri, hata kwenye baridi kali, kumwitikia “amina” mtoto wa marehemu wasiyemjua. Hao wanastahili hongera kuliko rabi mwenyewe.