Banda la Mianzi na Haki ya Njia

Ndugu msomaji, pita Mikindani uyatazame mabaraza ya mawe na chokaa yaliyoungana na kuta za nyumba: aketiye aketi, apitaye apite. Siku hizi wasanifu huisifu mianzi kwa mabanda ya watu wote mijini. Hatuwalaumu, hukua upesi, na ni miepesi. Ila ikikatwa kabla ya kutimiza miaka 3, wala isilowekwe majini ikatoka wanga, hubunguliwa na wadudu. Na ikikitwa udongoni huoza. Hayo yana dawa. Kubwa ni uchochoro. Mtume (s.a.w.) aliwaruhusu masahaba kukaa njiani kwa sharti la kuipa njia haki yake, mojawapo ikiwa kuzuia udhia. Banda zuri likimlazimisha mwenye ndoo kichwani kuzunguka mtaa mzima, kwa haki gani tunaliita la watu wote?