Nguo Isiyongoja Mkasi

Sari ikishushwa kwenye kitanda cha kufumia, imekwisha. Haipelekwi kwa fundi cherehani kuwekwa zipu wala vifungo, na mwembamba na mnene huvaa ile ile. Ni kitambaa kimoja cha mita tano na nusu hivi, na huko Maharashtra hufika mita nane na zaidi kidogo, kilichotoka kitandani kikiwa na mji wake, mapindo yake mawili ya urefu, na ncha moja iliyopambwa kupita kwingine kote, ambayo Wahindi huiita palu. Mwanamke wa pwani aliyelelewa ndani ya kanga ataielewa sari kabla hajaelezwa.

Ndiyo maana namhesabu mfumaji wa sari kuwa fundi wa aina yake. Anayefuma jora hajali litakuwa suruali au pazia. Hilo ni shauri la mwingine. Huyu anafuma vazi. Anapokaa kitandani lazima ajue mwili utakuwa wapi. Ncha hii itachomekwa kiunoni isionekane, basi hana sababu ya kuimwagia zari. Hapa patakunjwa marinda, hapa patazunguka nyonga, na ile mita ya mwisho itapanda kifuani, ivuke bega la kushoto na kuteremka mgongoni, macho ya watu yaishie hapo. Pindo la chini hulitia uzito, nalo si kwa urembo tu: uzito huo ndio unaoivuta nguo ikae vizuri miguuni wakati mvaaji anatembea. Yote hayo ameyaamua uzi ukiwa bado uzi.

Wanaoisifu sari hupenda kuisifu kwa uzee wake. Ni kweli kwamba India imevaa nguo zisizoshonwa tangu kale, lakini ule uvaaji tunaoujua sisi kutoka kwenye filamu, wa blauzi fupi juu, gagulo ndani na marinda mbele, umri wake haujafika miaka mia mbili. Katika miaka ya 1860, Jnanadanandini Devi alimfuata Bombay mumewe Satyendranath Tagore, kaka wa mshairi Rabindranath na Mhindi wa kwanza kuingia katika utumishi wa juu wa serikali ya Waingereza. Sari ya Kibengali ya siku zile ilivaliwa bila blauzi, na haikutarajiwa kutoka nje ya ua wa wanawake. Bibi huyo akawatazama wanawake wa Kiparsi walivyovaa, akachukua la kuchukua, akaliongezea lake, kisha aliporudi Calcutta akawafundisha wenzake. Huo ndio mtindo ambao leo watalii huuita wa asili. Mtafiti Rta Kapur Chishti ameandika namna 108 za kuvaa sari katika majimbo mbalimbali, na miongoni mwao imo ile ya wanawake wa jamii za wavuvi wa Maharashtra, wanaoipitisha nguo katikati ya miguu hadi iwe kama suruali ili mtu ainame, apande, abebe. Mitindo imekuja na kupita juu ya kitambaa kile kile.

Kama ningepewa nafasi ya kwenda kutazama ufumaji wa sari mahali pamoja tu, ningechagua Patan, kaskazini ya Gujarat, mji uliokuwa makao ya wafalme wa Solanki. Masimulizi ya huko yanasema kwamba katika karne ya 12 mfalme Kumarapala aliwaleta mjini humo wafumaji wa hariri, familia mia saba, akawapa makao. Leo waliobaki wa ukoo huo wa Salvi wanahesabika kwa familia chache mno. Wanachofuma kinaitwa patola.

Maua kwenye kitambaa kwa kawaida huja kwa njia mbili: ama kitambaa hufumwa kwanza kikapigwa chapa, ama nyuzi za rangi mbalimbali huingizwa wakati wa kufuma. Patola haifuati hata mojawapo. Huko rangi huingia kabla kitambaa hakijakuwapo. Nyuzi za mtande hutandazwa kwa urefu wote wa sari, huwekwa alama, halafu kila sehemu isiyotakiwa kushika rangi hufungwa kwa uzi wa pamba na kukazwa. Fungu lote huzamishwa katika rangi. Likikauka, vifungo vingine hufunguliwa, vingine vipya hufungwa, na fungu huzamishwa tena katika rangi ya pili, halafu ya tatu. Nili, manjano, maganda ya komamanga, utomvu mwekundu wa wadudu: kila rangi ina zamu yake na vifungo vyake. Baada ya hapo kazi yote hiyo hurudiwa upya kwa mshindio, yaani nyuzi zinazoukatiza mtande. Miezi imepita na mbele ya fundi hakuna hata kipande cha nguo, ila mafungu ya nyuzi yenye madoadoa ambayo mgeni angedhani yameharibika.

Kisha ndipo kitanda kinaposimamishwa, nacho kimelala upande mmoja, na watu wawili wanakaa. Kila uzi wa mshindio unapopita, doa lake jekundu lazima litue juu ya doa jekundu la mtande, la kijani juu ya la kijani. Baada ya mistari michache wanasimama, wanachukua sindano, wanazisogeza nyuzi moja moja mpaka zilingane. Zikikosana kidogo tu, mdomo wa kasuku unakuwa mdomo wa ndege asiyejulikana. Kwa siku nzima ya kazi watu hao wawili hupata shubiri moja hivi. Sari nzima huchukua miezi minne, sita, na mapambo yakiwa magumu hufika mwaka. Ikishuka, haina upande wa ndani. Tembo na wanawake na majani ya mpipali yanaonekana sawasawa huku na huku.

Na bado si ugumu wa kazi unaonivuta zaidi. Kazi ngumu zisizopendeza zipo tele duniani. Ni kwamba kingo za maumbo ya patola hazikatiki kama za chapa. Rangi hupenya kidogo chini ya kifungo, nyuzi hutetereka kidogo, kwa hiyo jani huishia kwa haya ndogo kabla ya kuanza rangi nyingine. Mashine inayochapa mchoro wa patola juu ya poliesta huko Surat hutoa jani lenye kingo kali kama wembe, na wachapaji wengine sasa huuiga hata ule utata wa kingo, kitu ambacho mimi nakiona kuwa ni heshima ya ajabu: mashine kujifunza kutetemeka.

Ufundi wa kufunga mtande na mshindio pamoja ni adimu; nje ya India hujulikana hasa katika kijiji cha Tenganan huko Bali, na Japani. Patola zenyewe zilisafiri. Wafanyabiashara wa Gujarat, na baadaye kampuni ya Waholanzi, walizipeleka katika visiwa vya Indonesia, ambako wakuu walizivaa na jamaa zao wakazihifadhi kama vitu vya tambiko. Huko nyumbani, michoro mingine ilipata majina ya watu wake, na mmoja unaitwa kwa jina la Mabohora, ambao wanawake wao waliuvaa harusini. Ndugu zao kina sisi tunawajua Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Ama pwani yetu, Gujarat iliijua zaidi kwa pamba: Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, alikwishaandika juu ya nguo za Khambat zilizokuwa zikifika Malindi, Mombasa na Kilwa.

Kusini, Kanchipuram katika Tamil Nadu, shida ni nyingine. Wao wanataka pindo la rangi moja na mji wa rangi nyingine kabisa, zambarau na kijani, nyekundu na dhahabu, bila rangi hizo kuchanganyika pale zinapokutana. Kwa hiyo hutumia mishindio mitatu kwa wakati mmoja, mmoja wa mji na mmoja kwa kila pindo, na katika kila mstari nyuzi hizo hushikanishwa kwa kupindana mpakani. Mfumaji mmoja hatoshi. Mtu wa pili hukaa ubavuni kurusha uzi wa pindo la pili. Pakifika palu nako mtande wenyewe hubadilishwa, nyuzi mpya za rangi nyingine zikiunganishwa na zile za zamani moja baada ya moja. Wazee husema sari ya namna hiyo hata ichakae vipi, mji utachanika lakini pindo halitabanduka. Kanchipuram ina rangi yake ya buluu inayojulikana kwa herufi za mwimbaji M. S. Subbulakshmi, aliyeifanya itambulike kila alipopanda jukwaani.

Sari imebeba siasa pia. Tarehe 7 Agosti 1905 ilianza rasmi huko Calcutta harakati ya kususia bidhaa za Waingereza, na nguo za viwanda vya Manchester ndizo zilizokuwa shabaha ya kwanza; tangu 2015 siku hiyo huadhimishwa India kuwa siku ya vitanda vya mkono. Indira Gandhi aliolewa mwaka 1942 akiwa amevaa sari ya uzi aliousokota baba yake, Jawaharlal Nehru, akiwa gerezani. Mwaka 1985 Bunge likapitisha sheria ya kuzitengea aina fulani za nguo, sari zikiwamo, zifumwe kwa mkono tu. Sheria ipo, mashine za umeme nazo zipo, zinafuma mchana na usiku, na anayesimama dukani hana polisi pembeni wa kumwambia ipi ni ipi.

Katikati ya hayo wabunifu wa mavazi wakaingia. Ritu Kumar alianza Calcutta mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa kuwatafuta wachapaji wa vibao waliokuwa wakikosa kazi. Chuo cha taifa cha teknolojia ya mitindo kikafunguliwa Delhi mwaka 1986. Sabyasachi Mukherjee alianzisha jina lake mwaka 1999, akawarudisha mabibi harusi kwenye zari nzito, na mwaka 2021 kampuni kubwa ya Aditya Birla ikanunua asilimia 51 ya biashara yake. Mwaka huo huo alitoa nguo pamoja na kampuni ya H&M, nafuu na zilizochapwa kwa mashine kwa michoro inayofanana na kazi za mikono, na vyama vya mafundi vikamwandikia barua ya wazi kuuliza faida yao iko wapi. Yeye alijibu kwamba alitaka kuufikisha ubunifu wa India kwa watu wengi. Mimi naona barua ile ilikuwa na haki. Mchoro ulikuwa umefika kwa wengi. Waliobaki nyuma ni wale wenye mikono.

Wengine wamejaribu kuipatanisha sari na haraka za leo. Tarun Tahiliani amezitengeneza zilizokwisha kukunjwa marinda na kushonwa, mtu anaingia tu kama kwenye sketi. Sina ugomvi na msichana wa Mumbai anayetakiwa kuwa harusini baada ya robo saa. Lakini hapo neno la mwisho limerudi kwa mwenye mkasi, na kipimo cha kiuno kimerudi pamoja naye.

Ninayempenda zaidi ni Sanjay Garg, aliyeanzisha Raw Mango mwaka 2008 kwa sari za Chanderi, nguo nyepesi ya hariri na pamba ya Madhya Pradesh ambayo mwanga hupita ndani yake. Hakuikata. Alichofanya ni kupunguza: akawaomba wafumaji waache maua mengi, wabakishe machache yaliyotawanyika mbalimbali, na kuwatafutia rangi zilizokolea ambazo wateja wa zamani hawakuzoea kuziona kwenye Chanderi. Mabadiliko yote yalifanyika kitandani, na mfumaji ndiye aliyeyafanya. Vijana wa mijini wakazivaa juu ya shati, na viatu vya raba. Mwaka 2023 makumbusho ya ubunifu ya London yaliweka maonyesho mazima ya sari za namna hiyo, za miaka ya karibuni tu. Lakini mimi picha inayonikaa zaidi ni ya Septemba 2014, chombo cha India kilipoingia katika mzunguko wa sayari ya Mirihi: wanawake wa shirika la anga za juu huko Bengaluru wakishangilia, maua nyweleni na sari za kwendea kazini, si za harusi.

Sensa ya ufumaji wa mkono ya 2019–20 ilihesabu wafanyakazi zaidi ya milioni 3.5, na zaidi ya asilimia 70 ni wanawake. Kaya mbili hivi katika kila tatu zilikuwa na kipato kisichofika rupia 5,000 kwa mwezi. Banaras, ambako Waislamu wa jamii ya Ansari hufuma sari za harusi za mabibi wa Kihindu, vijana wengi wameacha vitanda vya baba zao wakaenda kuendesha mashine Surat na Bengaluru, maana mshahara wa huko una tarehe. Patan, ambako sari moja huuzwa kwa laki za rupia na mteja hungoja zamu yake, baadhi ya vijana wa Salvi waliosomea uhandisi na usanifu wa majengo wamerudi kukaa kwenye kitanda kile kilicholala upande.